Mama wa Paje na Tiara ya Mwanawe

Juma hili nimeziweka kando barua tatu za mahari na moja ya mkwe mchokozi (wenyewe wanisamehe, zamu yao yaja) kwa ajili ya barua moja iliyotoka Paje, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja. Aliyeiandika ni mama mmoja, mzaliwa wa Iringa, mpishi katika nyumba ya wageni. Jina lake nalihifadhi kama alivyoomba. Asema hivi:

“Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na tisa. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya kuwafundisha wageni mchezo wa tiara, ule wa kuvutwa na upepo juu ya maji. Mshahara si haba, naye hunisaidia ada za wadogo zake. Sasa amekuja na neno jipya. Ataka kuacha kufundisha awe mshindani, aende Ulaya na Afrika Kusini. Nilimwuliza, hiyo ni kazi au ni mchezo? Akacheka. Kisha akanionyesha katika simu yake mtu aliyerushwa juu kuliko minazi. Tangu siku hiyo silali. Baba yake hayupo duniani. Naomba shauri: nimzuie au nimwache?”

Msomaji, wewe ungemjibu nini? Mimi nilishika kalamu nikaandika neno moja: mzuie. Bahati njema sikuipeleka barua siku ile. Nilikwenda kuuliza, nikasoma, nikawatazama vijana hao wakicheza, nikaona kwamba nilikuwa nikijibu jambo nisilolijua. Basi leo nitawaeleza niliyoyapata, na mama yule asome pamoja nasi.

Ninyi mnaokaa bara labda hamjaiona tiara hii. Msidhani ni ile ya karatasi na vijiti vya makuti tuliyoirusha utotoni. Hii ni ya kitambaa chepesi kigumu, upana wake waweza kuwa mita tisa au kumi na mbili za mraba, yaani kubwa kushinda chumba cha kulala cha wengi wetu. Ukingo wake wa mbele hujazwa hewa kama mpira wa baiskeli. Kamba zake zina urefu wa mita ishirini na zaidi, nazo zafungwa katika mti mfupi wa kushikia, na mti ule wanasa katika mkanda mpana uliokazwa kiunoni mwa mchezaji. Miguuni ana ubao. Upepo waivuta tiara, tiara yamvuta mtu, na mtu, akiwa fundi, huenda apendako. Asipokuwa fundi huenda upepo upendako.

Ukingo huo wa hewa ndio ulioufanya mchezo uwezekane. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, watu wa pwani ya Bretagne, waliuandikisha uvumbuzi wao mwaka 1984. Zamani tiara ikianguka majini ililowa, na mchezaji akabaki akielea kama kifuu. Tiara ya hewa huelea, nayo yaweza kuinuka tena. Walakini miaka zaidi ya kumi ilipita kabla watu hawajaanza kuinunua kwa wingi. Sisi huku upepo tulikuwa nao tangu kale. Kaskazi na kusi zilizoleta majahazi ndizo zinazowaleta wageni hao Paje leo, nazo zikipungua wakati wa tanga mbili, vijana wa tiara hukaa chini ya mivinje wakicheza karata.

Sasa nirudi kwa mama. Mwanao akikwambia, “Mama, nataka kuwa fundi,” hutauliza, fundi wa nini? Fundi seremala, fundi mwashi, fundi cherehani, wote ni mafundi, lakini mmoja aweza kuanguka toka darini na mwingine aweza tu kujichoma sindano. Na hawa washindani wa tiara ni hivyo hivyo. Ukiwaona toka ufukoni wafikiri wote wacheza mchezo mmoja. Kumbe ni michezo mingi, kila mmoja na vifaa vyake, na waamuzi wake, na hatari yake, na namna yake ya kupata mkate.

Picha iliyokunyima usingizi, mama, najua ni ya mchezo gani. Ni ule wa kuruka juu. Makao yake makuu ni Cape Town, ambako wakati wa kiangazi chao huvuma upepo wa kusini-mashariki wenye nguvu nyingi. Wenyeji waliuita Daktari wa Cape, kwa kuwa hupeperusha hewa chafu ya mji. Huko ndiko hufanyika mashindano yaitwayo King of the Air, maana yake Mfalme wa Anga. Yalianza Maui, katika visiwa vya Hawaii, mwaka 2000, na tangu 2013 yamekuwa Cape Town. Hakuna anayejiendea tu: wachezaji hupeleka filamu za kuruka kwao, na wachache huchaguliwa. Kisha hungoja. Waandalizi huweka majuma kadhaa ya kungoja, na siku upepo unapofikia ukali wautakao, ndipo hupiga mbiu. Kama ni siku ya Dominika, basi ni Dominika. Upepo haujui kalenda. (Mama, hili nalo mwulize mwanao.)

Mwaka 2017 Mdenmark mmoja, Nick Jacobsen, aliruka huko Cape Town mita 28.6, kwa kipimo cha chombo kidogo kilichofungwa katika ubao wake. Mnazi wetu mrefu kabisa ndio huo. Tangu hapo wengine wamempita, wamevuka mita thelathini. Lakini waliozoea mchezo huu waniambia kwamba urefu peke yake hautishi sana, maana tiara ikiwa juu ya kichwa humshusha mtu polepole kama mwamvuli. Kinachotisha ni kile wanachokiita megalupu. Mtu akiwa kule juu huivuta tiara kwa makusudi ipige duara, ishuke hata iwe chini kuliko yeye mwenyewe. Wakati huo hakuna mwamvuli tena. Tiara humtupa kwa pembeni, kwa nguvu za kutisha, naye yampasa aimalize duara ile na kuirudisha juu ya kichwa kabla hajafika majini. Akichelewa nukta moja, maji huwa kama sakafu ya saruji.

Sitaficha, kwa kuwa mama ameuliza kweli. Mwaka 2016, katika mashindano hayo hayo, Mwingereza Lewis Crathern alianguka vibaya, akalala hospitalini siku kadhaa bila fahamu. Alipona, akarudi majini. Na nyuma zaidi, mwaka 2002, huko Fehmarn katika Ujerumani, mwanamichezo Mjerumani Silke Gorldt alifariki mashindanoni tiara yake iliponasana na ya mwingine. Yeye hakuwa mtu wa kujaribu jaribu, mchezo ulikuwa kazi yake. Siku zile vifaa vya kumwachilia mtu haraka toka katika tiara yake vilikuwa duni. Leo kila tiara ina kishikizo cha usalama: ukikisukuma, tiara yote hulegea na kupoteza nguvu. Mwalimu mwema humfundisha mwanafunzi kukifikia akiwa amefumba macho, kabla hajamruhusu kugusa ubao. Mwanao ni mwalimu, kwa hiyo hilo alijua kuliko mimi.

Basi kama kijana atasema, “Nataka kuwa Mfalme wa Anga,” mimi, mama, ningetetemeka pamoja nawe.

Huenda hata hivyo akasema jingine. Wengi wa umri wake huanzia katika mtindo huru, ambao wao wenyewe huuita fristaili. Huo si wa kwenda juu sana, ni wa hila. Mchezaji hujifungua kwanza toka katika mkanda wa kiunoni, ili mvuto wote wa tiara ubaki mikononi mwake. Huruka, hujizungusha, na akiwa hewani huupitisha ule mti wa kushikia nyuma ya mgongo toka mkono mmoja hata wa pili, asiuachie. Waamuzi huangalia ugumu na usafi wa kazi. Magoti na mabega huumia. Ni mchezo wa maji tulivu na mwili mchanga.

Mchanga kiasi gani? Gisela Pulido, binti wa Kihispania aliyezaliwa 1994, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2004. Fanya hesabu, msomaji. Alikuwa na miaka kumi. Baba yake ndiye aliyekuwa naye katika kujifunza, na jamaa ilihamia Tarifa, mji wa kusini kabisa wa Hispania, ambapo upepo hupita kwa nguvu kati ya Ulaya na Afrika. Akapata ubingwa mara kumi kwa jumla. Mwaka huo huo wa 2004 kijana wa Kiingereza wa miaka kumi na mitano, Aaron Hadlow, alitwaa ubingwa wa wanaume, akaushika miaka mitano mfululizo. Baadaye akaugeukia ule wa kuruka juu, akawa Mfalme wa Anga 2015 na 2016. Kwa hiyo mtu aweza kuhama toka mmoja kwenda wa pili, ila si jambo la siku moja, na Hadlow alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kazi mgongoni mwake.

Sikupenda kusoma habari za watoto peke yao, kwa maana mwanao amekwisha kuwa mtu mzima kwa hesabu ya mchezo huu. Nikapata habari za Brazil. Katika jimbo la Ceará kuna ziwa dogo la pwani liitwalo Cauipe, na hapo alikulia Carlos Mario, ambaye wenzake humwita Bebê. Alishinda ubingwa wa dunia wa mtindo huru zaidi ya mara moja. Alikuwa na upepo mlangoni pake, kama vile mwanao alivyo nao. Na kijana wa Jamhuri ya Dominika, Deury Corniel, alitwaa dhahabu katika mbio za tiara kwenye Olimpiki ya Vijana huko Buenos Aires mwaka 2018.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ni ya mawimbi. Huku kwetu mwamba wa pwani huyavunja mawimbi mbali, na ndani ya mwamba maji hulala. Ndiyo maana wageni wa kujifunza huipenda Paje. Sal, kisiwa kimojawapo cha Cape Verde upande wa magharibi wa Afrika, si hivyo. Mahali paitwapo Ponta Preta wimbi huja zima toka bahari kuu na kuvunjika juu ya mawe, na upepo huvuma toka nchi kavu kwenda baharini. Fikiri basi: tiara ikianguka, wimbi lakusukuma kwenye mawe na upepo wakuvuta kwenda bahari kuu. Hapo ndipo alipokulia Mitu Monteiro. Mwaka 2008 alikuwa bingwa wa dunia wa mawimbi. Tena yeye ni mmoja wa wale waliofanya mtindo wa kusimama juu ya ubao bila kufunga miguu, kama wavuvi wetu wasimamavyo juu ya ngalawa, uwe ndio mtindo wenyewe wa kupanda mawimbi kwa tiara. Nyuma yake kisiwa kile kile kimetoa wengine. Airton Cozzolino, mzaliwa wa huko, amekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa.

Kisiwa kikavu, kidogo, kisicho na mashamba. Wamewapita watu wenye pesa nyingi kuliko wao. Waamuzi wa mawimbi hawaulizi umeruka juu kiasi gani. Huangalia umelichagua wimbi gani, umelipanda karibu kiasi gani na mahali linapopinda, na kama tiara imekuwa mtumishi wako au bwana wako. Hayo hujifunza mtu aliyekaa na bahari siku nyingi, akijua maji yanapojaa na yanapokupwa. Mimi si mchezaji, wala sitaki kudanganya. Ila ningekuwa na umri wa kijana huyu, na ningezaliwa pwani, mchezo huu ndio ambao ningeuliza habari zake kwanza.

Kuna mbio pia, nazo ndizo zilizoingia katika Olimpiki kubwa ya mwaka 2024. Michezo ilikuwa Paris, lakini mbio za tiara zilifanyika Marseille, maana Paris hakuna bahari. Ubao wa mbio una mguu mrefu chini yake, na mguu una mabawa kama ya ndege, ambayo huuinua ubao wote juu ya maji. Ukiwatazama toka mbali waona watu wanateleza hewani, kimya, kwa mwendo uzidio kilomita 60 kwa saa. Hapa hakuna mwamuzi wa kutoa alama za uzuri: anayefika kwanza ameshinda. Ellie Aldridge wa Uingereza alipata dhahabu ya wanawake, ya kwanza katika historia ya mchezo huu. Ya wanaume ilikwenda kwa Valentin Bontus wa Austria, nchi isiyo na bahari hata kidogo! Naye Max Maeder wa Singapore, mwenye miaka kumi na saba, aliyekuwa bingwa wa dunia 2023 na 2024, alipata shaba tarehe 9 Agosti, ambayo ni sikukuu ya taifa lao. Upepo wa Marseille siku zile ulikuwa mchache, wakangoja na kuahirisha mara nyingi. Wenye kusema mchezo huu ni wa haraka hawajaona watu wakikaa pwani siku nzima wakitazama bendera iliyolala.

Na hili litawachekesha mama zetu: katika mbio hizi mtu mwepesi hushindwa, maana uzito wake ndio unaoishika tiara kubwa isimtupe. Kwa hiyo wengi wao, wasichana kwa wavulana, hula kwa bidii ili waongeze uzito. Mama mpishi, mwanao asingekosa kitu.

Vifaa vya mbio ni ghali mno, vyabadilika kila mara, na mtu hafiki Olimpiki ila kwa mkono wa chama cha mashua cha nchi yake. Kijana aliye peke yake asianzie hapo. Mbio za kasi tupu, ambazo mtu hukimbia mita mia tano akipimwa mwendo, nazipita upesi. Lüderitz katika Namibia walichimba mfereji kando ya maji kwa ajili hiyo, na mwaka 2010 Mfaransa Alex Caizergues alivuka hapo kilomita 100 kwa saa. Mwaka 2017 alifika 107 huko kwao Ufaransa. Wanaoufanya ni wachache sana, na sioni njia ya kumfikisha huko mwalimu wa Paje.

Sasa swali la mkate. Mama, uliuliza kama ni kazi. Kwa wachache ni kazi. Lakini zawadi za mashindano haziwalishi wengi. Hula kwa wafadhili, yaani wenye viwanda vya tiara na mbao wanaowapa vifaa, na baadhi huwapa fedha. Na mfadhili haulizi tu umeshinda nini. Auliza pia wangapi wamekuona. Kwa hiyo mshindani wa leo ni nusu mchezaji na nusu mpiga filamu, tena wengi, hata mabingwa, huendelea kufundisha ili wapate nauli. Hapo ndipo nilipoona kosa katika shauri la kijana. Asema ataacha kufundisha ili ashindane. Wenzake huko duniani hawaachi. Hufundisha msimu wa upepo wa kwao, huweka akiba, huenda mashindano mawili au matatu, hurudi.

Neno moja jingine, nalo halimo katika barua, lakini nililiona kwa macho yangu. Nilipofika Paje maji yalikuwa yanakupwa, na mama wa mwani walikuwa wameinama katika vishamba vyao, vigingi na kamba, maji magotini. Tiara zilipita karibu nao. Kamba ya tiara ikikazwa hukata kama kisu. Mmoja wa vijana, mwenyeji, alifika mahali pale akaishusha tiara yake, akashika ubao kwapani, akatembea kwa miguu hata alipowapita mama wale wote, ndipo akaipandisha tena. Mgeni aliyemfuata hakushuka. Sikuuliza majina. Mama, kama yule wa kwanza alikuwa mwanao, niandikie, nitafurahi.

Shauri langu basi ni hili. Usimzuie bado, wala usimpe ruhusa bado. Mketishe siku isiyo na upepo, umwulize: mshindani wa nini? Akijibu “wa vyote,” hajui aendako, na abaki darasani kwake. Akijibu “kuruka juu,” mwulize amefundishwa na nani, miaka mingapi, na nani atalipa hospitali katika nchi ya watu, kwa maana matibabu ya huko si ya kuchangishana kanisani. Akijibu “mawimbi” au “mtindo huru,” mwambie akuonyeshe hesabu: vifaa atavipata wapi, nauli kiasi gani, na ada za wadogo zake zitatoka wapi miezi asiyokuwapo. Mwombe asiache kazi, aombe likizo ya tanga mbili. Upepo wa Paje ukiwa umelala, atapoteza nini?

Na ninyi wasomaji wenye watoto katika kazi hizi mpya, nileteeni maoni yenu. Kuna baba mmoja wa Kilwa aliyekwisha kuniambia kwamba nimekuwa mlegevu. Barua yake nitaichapa. Juma lijalo, mahari.